Ripoti ya mwanasaikolojia kwa kesi ya uhamiaji Marekani: ulipe kiasi gani, umlipe nani

Wakili wako amekwambia utafute ripoti ya mwanasaikolojia. Ukiwauliza jamaa kanisani au msikitini, mmoja atasema alilipa dola 700, mwingine 2,500, na wa tatu atakuapia kwamba hakutoa hata senti. Huenda wote watatu wanasema kweli. Bei hufuata aina ya kesi, cheo cha mtaalamu, na swali ambalo ripoti inatakiwa kulijibu mbele ya jaji au ofisa. Naandika kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani, Wakongo wa Ohio na Maine, Wakenya wa Texas na Minnesota, Warundi na Watanzania popote walipo, kwa sababu watu wetu wengi wanatoa pesa ya kodi ya nyumba mahali ambapo hawakuhitaji kulipa kitu, na wengine wanabania dola mahali ambapo kubania kunaweza kuwapotezea kesi.

Tathmini inayozaa ripoti hii isichanganywe na uchunguzi wa afya wa Fomu I-693, ule wa chanjo na kifua kikuu, unaofanywa na daktari aliyeteuliwa na serikali. Wala si matibabu. Mtaalamu anakuhoji saa mbili au tatu, wakati mwingine kwa siku mbili tofauti. Anasoma maelezo yako ya kiapo na hati za hospitali kama zipo, anakupa madodoso ya kupima kiwewe na sonona, kisha anaandika kurasa nane, kumi au zaidi. Kwa kuwa hii ni kazi ya kisheria, bima ya afya kwa kawaida hailipi. Usihesabu kwamba utarudishiwa.

Mawakili huitumia ripoti kwa njia zisizofanana, na hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuanzia. Katika kesi ya hifadhi, kazi yake kubwa ni kumsaidia jaji kuelewa kumbukumbu iliyovurugika. Sheria ya REAL ID ya mwaka 2005 inamruhusu jaji kumtilia shaka mwombaji kwa tofauti yoyote katika maelezo yake, hata isiyogusa kiini cha madai, na hata kwa namna anavyojieleza. Mfikirie mama wa Uvira aliyebakwa na watu wenye silaha. Anasimulia akiwa na macho makavu, sauti haipandi wala haishuki, na tarehe alizotoa mpakani hazilingani na alizoandika miaka miwili baadaye. Asiyejua kiwewe ataona uongo. Mtaalamu mzuri anaeleza kwa nini mtu aliyepatwa na mshtuko hukumbuka harufu na kelele za tukio lakini akapoteza mpangilio wa siku, na kwa nini hujitenga na hisia zake ili aweze kusema. Mwaka 2015 Bodi ya Rufani za Uhamiaji, katika shauri linalojulikana kama J-R-R-A-, ilielekeza kwamba pale ugonjwa wa akili unapoathiri ushuhuda, jaji kwa kawaida akubali kwamba mwombaji mwenyewe anaamini anachokisema, hata kama wengine wanaona hakiingii akilini. Lakini jaji hawezi kufika huko ikiwa hakuna mtu aliyemwandikia kuhusu ugonjwa huo.

Matumizi mengine yanahusu muda. Ombi la hifadhi linatakiwa liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini. Aliyechelewa anaweza kusamehewa ikiwa alizuiwa na maradhi makubwa au ulemavu wa akili, pamoja na athari za ukatili aliotendewa. Wakili akikutuma kwa sababu hiyo, ripoti lazima izungumzie ule mwaka wa kwanza: ulikuwa unalala vipi, ulikuwa unatoka nje, nani aliona hali yako. Ripoti inayoeleza jinsi ulivyo leo na kunyamaza kuhusu wakati ule haijibu swali, hata kama iliandikwa na daktari bingwa kwa dola 2,000.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kuuliza bei, muulize wakili wako kwa maneno wazi, “Ripoti hii inatakiwa kuthibitisha nini?” Mwombe aandike jibu katika barua fupi utakayompelekea mtaalamu. Wakili asiyeweza kuliandika huenda hajui kwa nini anakutuma.

Sasa bei. Kwa kesi za hifadhi, mtaalamu binafsi mara nyingi hutoza kati ya dola 800 na 2,000, na katika miji ghali huvuka hapo. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini kwa waomba hifadhi usemi huo unapinduka, kwa kuwa huduma ya bure ndiyo aghalabu iliyo bora. Shirika la Physicians for Human Rights lina mtandao wa madaktari na wanasaikolojia wanaojitolea nchini kote. Vyuo vya udaktari vina kliniki za hifadhi ambamo wanafunzi hufanya kazi chini ya wataalamu. Ya Weill Cornell, New York, ilianza mwaka 2010 na vyuo vingi vimefuata nyayo zake. Mjini New York kuna pia programu ya manusura wa mateso katika hospitali ya Bellevue, Minnesota kuna Center for Victims of Torture iliyoanza mwaka 1985, na Boston kuna kituo cha afya ya wakimbizi na haki za binadamu. Wengi wa watu hawa wamefundishwa kwa Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuandika ushahidi wa mateso, uliokamilishwa mwaka 1999 na kuhuishwa mwaka 2022. Jaji akiona ripoti iliyofuata itifaki hiyo anajua anasoma nini.

Takwimu zao zinatia moyo. Katika kesi zilizopitia Physicians for Human Rights kati ya mwaka 2000 na 2004, asilimia 89 walipewa hifadhi, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 37.5. Uchambuzi wa kesi za mwaka 2008 hadi 2018 ulipata asilimia 81.6 dhidi ya 42.4. Usizisome namba hizo kama ahadi. Kesi hizo karibu zote zilikuwa na mawakili, na mawakili huchagua kesi zenye nguvu kuzipeleka huko. Hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba huduma ya bure si ya kudharau.

Gharama ya huduma ya bure ni muda na masharti. Kliniki nyingi hazimpokei mtu anayekuja mwenyewe. Ni wakili anayetuma maombi. Kusubiri kunaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Mwanafunzi anaweza kuketi chumbani, na kama hutaki una haki ya kukataa. Kwa hiyo ombi lipelekwe mapema, siku ile ile tarehe ya kusikilizwa inapopangwa au kabla yake. Sababu ya kweli ya kulipa katika kesi ya hifadhi ni moja kati ya hizi: tarehe imekaribia mno, uko kizuizini ambako wanaojitolea ni wachache, au hali yako inahitaji vipimo ambavyo kliniki haina, kama vile jeraha la kichwa lililoharibu uwezo wa kufikiri. Vipimo vya aina hiyo hufanywa na wanasaikolojia waliobobea katika ubongo, na bei yake huweza kufika dola elfu kadhaa.

Twende sasa kwa mke anayepigwa au kunyanyaswa na mume raia au mwenye grini kadi, ambaye sheria ya VAWA ya mwaka 1994 inamruhusu kujiombea karatasi mwenyewe kwa Fomu I-360 bila mume kujua. Mume anayenyanyaswa na mkewe naye analindwa na sheria hiyo hiyo. Ombi hilo halina ada ya serikali, na sheria inapokea ushahidi wowote unaoaminika. Tathmini si sharti. Mwenye ripoti za polisi, picha za majeraha na barua ya mshauri wa nyumba salama anaweza kuwa na ya kutosha, na barua hiyo ya mshauri huwa bure. Pale ambapo mume hakuacha alama mwilini lakini alificha pasipoti, alitishia kupiga simu uhamiaji, alimfungia nje usiku wa theluji, hapo ripoti ina thamani kubwa, kwa sababu ukatili wa kisaikolojia nao unahesabiwa. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kutibu anafaa kabisa kwa kesi hii, na yeye hutoza chini ya mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili. Jambo moja la usalama, dada yangu: hakikisha mtaalamu hatumi bili, ujumbe wala barua nyumbani, na usitumie bima ambayo taarifa zake humfikia mume. Viza ya U, kwa walioumizwa na uhalifu, hufuata mantiki iliyo karibu na hiyo. Ina nafasi 10,000 tu kwa mwaka na foleni yake ni ya miaka mingi, kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye matibabu.

Kuna kundi ambalo ningependa lisilipe chochote. Mkenya aliyekuja kwa viza ya masomo, viza ikaisha, kisha akaoa raia wa Marekani, mara nyingi anaweza kupata grini kadi akiwa ndani ya nchi, kwa sababu mwenzi wa raia aliyeingia kihalali husamehewa kuzidisha muda. Kesi kama hiyo kwa kawaida haihitaji ombi la msamaha, wala ripoti ya kuonyesha dhiki. Watu huuziwa ripoti hizo bila sababu. Asichotakiwa kufanya ni kusafiri nje kabla ya kupata karatasi: aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 akitoka hufungiwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka hufungiwa miaka 10.

Msamaha wa kufungiwa huko, wa Fomu I-601A, ni wa wale wasioweza kumaliza mambo yao ndani ya nchi, na ada yake ya serikali tangu Aprili 2024 ni dola 795. Hapo anayehojiwa na mtaalamu ni mume, mke au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu, maana ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba atapata dhiki iliyopita kiasi. Waume wengi hawalijui hilo mpaka siku ya miadi, na wengine hujikaza wakasema wako sawa. Mweleze mapema. Kliniki za bure hazishughuliki sana na kesi hizi, kwa hiyo jiandae kulipa dola 800 hadi 1,500, na usiwe na tamaa ya cheo kikubwa: ofisa hataki hotuba ya kitaalamu, anataka kuona mtu huyu, kwa maradhi yake, madeni yake na watoto wake, atakuwaje mwenzake akiondoka au wakihama pamoja. Ripoti isiyotaja mtoto mwenye pumu na mama mkwe anayeuguzwa nyumbani ni karatasi ya jumla tu.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya wazee. Wakongo wengi waliopewa makazi Marekani walipita kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, na miongoni mwao wapo bibi na babu ambao hawakusoma na ambao vita iliwavunja. Baada ya miaka 5 wanaruhusiwa kuomba uraia, na wanauhitaji, kwa sababu mkimbizi asiye raia anayepokea SSI, ile posho ya wazee na walemavu, kwa kawaida huipoteza akitimiza miaka 7. Mtihani wa uraia ni wa Kiingereza na historia ya nchi. Fomu N-648 inaweza kumwondolea mzee mtihani huo ikiwa ana maradhi ya mwili au akili yanayomzuia kujifunza, ambayo yamedumu au yanatarajiwa kudumu miezi 12.

Fomu hiyo haina ada ya serikali, na hapa cheo ni sharti: inasainiwa na daktari wa tiba au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni. Mshauri au mfanyakazi wa ustawi wa jamii hawezi, hata awe hodari kiasi gani, na ukimlipa kwa fomu hii umepoteza pesa. Ningeanza na daktari anayemtibu bibi siku zote. Anamjua, ana kumbukumbu za miaka, na miadi yenyewe inaweza kulipiwa na bima, ingawa wengine hutoza ada ya kujaza fomu. Kosa la madaktari wengi ni kuandika “ana sonona na kiwewe” na kuishia hapo. Ofisa anataka kiungo: kwa njia gani maradhi hayo yanamfanya asiweze kushika neno jipya, ni kipimo gani kilionyesha hivyo, amejaribu darasa likashindikana vipi. Uzee peke yake haukubaliki, wala kutojua kusoma. Daktari asipopata muda wa kueleza hayo, hapo ndipo inafaa kulipa mwanasaikolojia apime kumbukumbu na uelewa, na matokeo yaende kwa daktari. Angalia pia tarehe: fomu isainiwe ndani ya siku 180 kabla ya kuwasilisha ombi la uraia.

Na kabla ya hayo yote hesabu miaka. Mwenye umri wa 55 na grini kadi ya miaka 15, au 50 na miaka 20, hahitaji Kiingereza. Anafanya mtihani wa uraia kwa lugha yake akiwa na mkalimani. Kwa mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia Marekani. Bibi aliyebakiza mwaka mmoja kufikia hapo, na ambaye SSI haimbani, anaweza kusubiri na kujifunza maswali kwa Kiswahili bila gharama.

Kuhusu mkalimani, usione haya kuchagua. Anayejiita mkalimani wa Kiswahili akiwa amezaliwa Tanga anaweza kumpotosha mzee wa Fizi, na kama lugha ya moyo wa mtu ni Kibembe au Kinyamulenge, omba hiyo. Usimtumie mtoto wako wala jirani wa jamii yenu: mambo ya ubakaji na mateso hayasemwi mbele ya watu hao, na yakisemwa hurudi mtaani. Wanaume walioteswa kwa njia hiyo nao wapo, na wana haki ya kuomba mhoji wa jinsia wanayoitaka. Uliza kama bei inajumuisha mkalimani, kwa sababu anayelipwa kwa saa anaweza kuongeza mamia ya dola juu ya bei uliyoambiwa. Mtaalamu anayejua Kiswahili mwenyewe ni bahati kubwa, ila thibitisha leseni yake kama ya mwingine yeyote.

Leseni ni ya jimbo. Anayekuhoji kwa video kutoka Florida wewe ukiwa Ohio lazima aruhusiwe kufanya kazi Ohio. Kwa wanasaikolojia kuna mkataba wa majimbo mengi uitwao PSYPACT unaorahisisha hilo. Tovuti ya bodi ya leseni ya jimbo itakuonyesha jina lake na kama amewahi kuadhibiwa, bila malipo. Wakili wa serikali naye atatazama huko.

Mkimbie anayekuahidi ugonjwa kabla hajakuona. Mkimbie pia anayehoji nusu saa kwa simu, au anayeandika kwamba “mteja anasema kweli” na “apewe hifadhi”. Hiyo ni kazi ya jaji. Mtaalamu anayejua mipaka yake huandika kwamba dalili zinaendana na kilichosimuliwa, na anaeleza alivyochunguza uwezekano wa mtu kuigiza. Wapo wanaonakili aya zile zile kwa kila mteja na kubadilisha jina, na jaji anayesoma ripoti zao mara kwa mara huzitambua. Wakili anayekulazimisha uende kwa mtu mmoja tu, kwa bei moja tu, muulize kama kuna malipo kati yao.

Omba mkataba wa maandishi unaotaja idadi ya mahojiano, siku ya kupokea ripoti, na bei ya mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni ushahidi wa mdomo. Mtaalamu asiyekubali kujibu maswali ya wakili wa serikali, hata kwa video, huifanya ripoti yake iwe nyepesi. Saa ya mahakamani hulipwa kando, na dola 200 au 300 kwa saa si ajabu. La pili ni kuhuisha. Mahakama za uhamiaji zimelemewa na kesi zaidi ya milioni tatu. Ripoti ya leo inaweza kusomwa baada ya miaka minne, na jaji atauliza hali yako ikoje sasa.

Rasimu ipitie kwa wakili kabla haijapelekwa popote. Kama kiapo chako kinasema ulikamatwa Machi na ripoti inasema Mei, wakili wa serikali atakuwa wa kwanza kuliona. Kinachorekebishwa ni ukweli wa matukio. Maoni ya mtaalamu hayaguswi. Wakili ataangalia pia kama kuna jambo la kukudhuru, maana sheria inaweza kumzuia mtu mwenye ugonjwa wa akili unaoambatana na tabia ya kudhuru wengine au nafsi yake. Usimfiche mtaalamu kitu; uamuzi wa kuiwasilisha ripoti au kuiacha ni wako na wakili wako.

Usidharau karatasi za nyumbani. Aliyetibiwa Panzi, hospitali ya Dk. Denis Mukwege pale Bukavu, anaweza kuomba kumbukumbu zake, nazo ziliandikwa wakati jeraha lilikuwa bichi. Barua ya mshauri anayekutibu sasa nayo ina uzito wake, na mara nyingi ni bure. Ukiwa na dola 1,000 tu, na kesi yako inaweza kusimama kwa hati hizo, mimi ningezitumia dola hizo kwenye miezi ya matibabu.

Ikiwa huna wakili, omba orodha ya mashirika ya sheria ya bure ambayo mahakama za uhamiaji huichapisha kwa kila jimbo. Hailipiwi. Mtu yeyote anayekutoza ili akupe orodha hiyo, muondokee.